Kompyuta ya Kibiti Ina Milango Mingapi ya Mtandao?

Programu inayotakiwa kutuma takwimu za zahanati iliyo katikati ya mikoko, au hesabu za ghala la korosho pale Kibiti, lazima kwanza ijue kompyuta inaifikia dunia kwa njia ipi. Inauomba mfumo endeshi orodha ya violesura vya mtandao: kadi ya waya, Wi-Fi, modemu ya USB, simu iliyochomekwa pembeni. Swali linaonekana la mistari mitano ya C, na ndiyo maana majibu mepesi yamezagaa miongoni mwetu waandishi wa programu. Mengi yanadumu kwa sababu tunayajaribia kwenye ofisi za Dar es Salaam, kompyuta ikiwa na waya mmoja usiohama. Kwenye delta ya Rufiji kompyuta hiyohiyo huweza kutumia modemu asubuhi, simu ya mganga mfawidhi mchana, na ikifika Nyamisati kwa boti ikadaka Wi-Fi ya mtu. Huko majibu mepesi yanaumbuka. Nitayachukua madai yenyewe kama ninavyoyasikia.

Lililo la kizembe kuliko yote ni hili: kiolesura ni eth0, soma anwani yake, endelea na kazi. Hata kwenye Linux jina hilo halina uhakika tangu Januari 2013, pale systemd toleo la 197 lilipoanza kuziita kadi kwa mahali zilipochomekwa, eth0 ikageuka enp3s0 au kitu cha namna hiyo. FreeBSD huita kadi kwa jina la draiva, em0 au re0. macOS ina en0, na kiolesura cha ndani ambacho Linux hukiita lo, huko ni lo0. Windows haifuati desturi hiyo kabisa: ina kitambulisho kirefu cha ndani, na jina la kusomeka ambalo mwenye kompyuta anaweza kulibadilisha apendavyo. Simu iliyochomekwa kwa USB huitwa usb0, au hupewa jina linaloanza na enx na kumalizikia kwa anwani ya MAC. Kwa kuwa simu nyingine hubuni MAC mpya kila zinapochomekwa, na jina nalo hubadilika kila mara. Ndani ya simu yenyewe, data ya laini hupita rmnet_data0 kwenye chipu za Qualcomm na ccmni0 kwenye nyingi za MediaTek. Aliyeandika eth0 ndani ya msimbo wake ameiandikia programu meza yake mwenyewe.

Dai linalofuata lina heshima zaidi, kwa sababu hutoka kwa watu waliosoma. Wanasema ioctl ya SIOCGIFCONF ni ya ukoo wa BSD wa miaka ya 1980, ipo Linux, ipo macOS, ipo Solaris, na kilichopo kila mahali ndicho kinachohamishika. Jina kweli lipo. Jibu ndilo halifanani. Kwenye Linux hurudisha anwani za IPv4 peke yake, na kiolesura kisicho na anwani ya IPv4 hakitajwi, hata kama kinasafirisha IPv6 vizuri kabisa. Modemu ambayo kerneli imeshaitambua lakini haijapata anwani haionekani, na hiyo ndiyo hali hasa unayotaka kuiona pale data zinapogoma kwenda. Solaris ilibidi iongeze SIOCGLIFCONF kwa ajili ya IPv6. Windows haiijui ioctl hiyo. Ina yake, kwa jina lake.

Kuna na umbo la jibu lenyewe. Kwenye mifumo ya BSD kila anwani hubeba urefu wake ndani yake, hivyo rekodi hazilingani. Anayeruka kutoka rekodi moja hadi nyingine kwa hatua sawa, kama Linux inavyomruhusu, ataangukia katikati ya rekodi na kusoma takataka bila kujua. Tena bafa ikiwa ndogo, kerneli hujaza zilizoenea na kurudi kana kwamba kazi imekamilika. W. Richard Stevens, katika vitabu vyake vya mitandao ya Unix, alieleza dawa: ita, ongeza bafa, ita tena, hadi urefu uliorudishwa uwe uleule mara mbili mfululizo. Linux kwa upande wake hukubali kuulizwa ukubwa kwanza kwa kupewa pointa tupu. Ugonjwa mmoja una dawa mbili, kila moja na hospitali yake. Sioni uhamishikaji hapo.

Historia ya Rufiji ina mfano wa kosa hili la kudhani orodha imetaja kila kitu. Novemba 1914 Waingereza waliizamisha meli ya makaa ya mawe Newbridge kwenye mkondo wa Suninga, ili manowari ya Kijerumani Königsberg isitoke deltani. Mkondo huo ulikuwa wa kweli. Lakini mto una milango mingine, Simba Uranga na Kikunya ikiwamo, na manowari ile iliendelea kujificha humo hadi Julai 1915. Orodha ya SIOCGIFCONF ni ya namna hiyo: kilichoandikwa humo kipo, ila usihesabu kwamba ndicho pekee kilichopo.

Wapo wanaokimbilia if_nameindex kwa hoja kwamba iko ndani ya POSIX. Ni kweli iko, na kwa kazi yake ni nzuri: hutoa jina la kiolesura na namba yake. Haitoi anwani, haisemi kama kiolesura kimewashwa, na Windows, ingawa ina if_nametoindex tangu Vista, haina hii. Inatosha kwa anayetaka majina tu.

Sasa getifaddrs, ambayo watetezi wake husema imefunga mjadala. Naipenda, nisieleweke vibaya. Ilianzia BSD, ikaingia glibc kwenye toleo la 2.3, na leo ndiyo ya kwanza kuifikiria kwenye Unix yoyote: hutoa majina, bendera, anwani za IPv4 na IPv6, halafu unairudisha kumbukumbu yote kwa freeifaddrs. Lakini wanaosema imefunga mjadala mara nyingi hawajausoma muundo inaourudisha. Orodha yake ni ya anwani. Kiolesura chenye anwani ya IPv4 na mbili za IPv6 hujitokeza mara tatu, na kwenye Linux mara nne, kwa sababu huongezwa rekodi ya AF_PACKET yenye MAC. macOS na BSD huiweka habari hiyohiyo kwenye AF_LINK, kwa muundo mwingine. Ukihesabu rekodi ukidhani unahesabu kadi, zahanati yenye modemu moja itaonekana ina nne.

La pili ni ifa_addr, ambayo inaruhusiwa kuwa pointa tupu. Kiolesura cha VPN au cha PPP ambacho hakina anwani huleta hali hiyo, na programu inayosoma familia ya anwani bila kukagua kwanza huanguka papo hapo. Kosa hili halionekani kwenye kompyuta ya mwandishi wake, maana yeye hana PPP. Huonekana kwa mtu mwenye modemu ya zamani inayopiga namba ndipo ipate intaneti. Na la tatu: sehemu ileile ya muundo hushika anwani ya utangazaji au anwani ya upande wa pili, kutegemea bendera ya IFF_POINTOPOINT. Asiyeitazama bendera atasoma moja akidhani ni nyingine.

Halafu kuna simu, na deltani simu ndiyo kompyuta ya watu wengi. Android haikuwa na getifaddrs hadi toleo la 7.0, mwaka 2016. Waliokwepa pengo hilo kwa kuzungumza na kerneli moja kwa moja kupitia netlink walifungiwa na Android 11 mwaka 2020: programu za kawaida zilizolenga toleo hilo zilikatazwa kutuma RTM_GETLINK, ujumbe wenyewe wa kuomba orodha. Funksheni net.Interfaces ya lugha ya Go, iliyokuwa ikiutegemea ujumbe huo, ikaanza kurudisha kosa la ruhusa kwenye simu mpya huku ikifanya kazi kwenye za zamani. Msimbo haukubadilika hata herufi moja. Kwa hiyo kwa Android ninasema waziwazi: muulize ConnectivityManager na uachane na njia za chini.

Windows nayo ina GetAdaptersAddresses, ambayo kwa maoni yangu imepangwa vizuri kuliko hizo zote: kila kadi ina rekodi moja, na anwani zake zimening'inizwa chini yake. Sharti ni kukubali kwamba bafa yaweza isitoshe. Microsoft wanashauri kuanza na kilobaiti 15 na kurudia ukipata ERROR_BUFFER_OVERFLOW. Angalau kosa linatamkwa.

Dai jingine husema kiolesura chenye bendera ya IFF_UP kina mtandao. IFF_UP maana yake ni kwamba mtu au programu imeagiza kiwashwe. IFF_RUNNING ndiyo inayosema draiva inaona mawasiliano, na hata hiyo husema juu ya kipande cha kwanza tu cha safari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania ilidorora vibaya, lakini kompyuta za nchi nzima ziliendelea kuonyesha violesura vilivyowashwa na anwani halali. Hata bila ajali kubwa kama ile, modemu nyingi za siku hizi ni ruta ndogo zinazojifanya kadi ya waya: kompyuta hupewa anwani kama 192.168.8.100 na kuona waya mzima, hata pale modemu yenyewe haioni mnara wowote nyuma ya mikoko. Hakuna funksheni ya kuorodhesha itakayokwambia hilo. Jaribu kutuma, subiri jibu kutoka kwenye seva yako, ndipo useme mtandao upo.

Linaloniudhi kuliko mengine ni kutumia MAC kama kitambulisho cha kudumu cha mashine: chukua ya kwanza kwenye orodha, ifanye ufunguo wa rekodi. Kwanza, mpangilio wa orodha hauna ahadi, hivyo "ya kwanza" yaweza kuwa modemu leo na Wi-Fi kesho. Pili, Android 10 huuonyesha kila mtandao wa Wi-Fi MAC ya kubuni, na Android 11 huinyima programu ya kawaida MAC kabisa. Tatu, modemu za Huawei E3372 za aina ya HiLink zinajulikana kwa kuionyesha kompyuta MAC ileile, kifaa kimoja hadi kingine. Zahanati mbili zenye modemu hizo, moja Kibiti na nyingine deltani, zingekuwa mashine moja machoni mwa seva, na rekodi za wagonjwa wa huku zingefuta za kule. Wilaya ya Rufiji haikusubiri kompyuta kujifunza hili. Ufuatiliaji wa kaya ulioanza huko mwaka 1998, ambao leo unafahamika chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, uliwapa watu na kaya namba zao wenyewe. Fanya hivyohivyo: buni kitambulisho cha nasibu siku programu inaposakinishwa, kihifadhi, iache MAC ifanye kazi yake ya kusafirisha fremu.

Dai la kuorodhesha mara moja programu inapoanza linajibika haraka. Orodha ni picha ya sekunde ile. Linux hutoa taarifa za mabadiliko kupitia netlink, BSD na macOS kupitia soketi ya PF_ROUTE, na Windows kupitia NotifyIpInterfaceChange. Jiandikishe kupokea taarifa kwanza, ndipo uombe orodha. Ukigeuza mpangilio huo, modemu iliyochomekwa kati ya hatua hizo mbili itapotea.

Wengine watasema haya ni matatizo ya vijijini, seva zao ziko kwenye vituo vya data. Wakatazame seva yoyote inayoendesha Docker wahesabu violesura vya veth vilivyojazana humo, kisha waniambie ni kipi chenye "anwani ya mashine".

Limebaki moja: tumia maktaba ya lugha ya juu, nayo itayamaliza hayo yote. Maktaba husaidia, lakini husaidia kwa kuamua badala yako. libuv, inayobeba Node.js, huviacha nje violesura visivyowashwa au visivyo na mawasiliano, na Node.js yenyewe husema kwenye maelezo yake kwamba os.networkInterfaces hutaja vyenye anwani tu. Kwa tovuti ya kuuza viatu uamuzi huo unafaa. Kwa programu inayopaswa kumwambia fundi aliyeko Kibiti kwamba modemu imechomekwa na kutambuliwa ila haijapata anwani, haufai. Hapo itabidi uandike mwenyewe faili moja la Unix lenye getifaddrs, jingine la Windows lenye GetAdaptersAddresses, na la tatu la Android, yote yakijaza muundo mmoja ulioubuni wewe: namba ya kiolesura, jina, bendera, na orodha ya anwani inayoruhusiwa kuwa tupu.