Mshale wa pili

Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliteketeza Soko Kuu la Kariakoo, jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Waliolala wakiwa na mtaji waliamka hawana kitu.

Hasara ya sokoni ilihesabiwa. Ya nyumbani nani aihesabu? Ni ile ya baba anayerudi Mbagala jioni na, hata viatu hajavua, anaanza: ningehamisha mzigo ile Ijumaa, ningemsikiliza fulani. Mkewe anasema, "Baba watoto, chakula kinapoa." Anajibiwa kwa ukali, kana kwamba ndiye aliyewasha kiberiti. Watoto nao wamejifunza kupunguza sauti ya runinga wakisikia kikohozi chake mlangoni.

Kutoka Kariakoo hadi Upanga si mbali. Huko kuna hekalu la Wabudha, lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka enzi za Waingereza. Wengi hulipita bila kujua linafundisha nini, na pengine wanadhani ni mambo ya sanamu na ubani tu. Lakini kuna mfano wa Buddha unaomhusu kabisa baba huyu. Mtu akichomwa mshale, anaumia. Akichomwa wa pili, anaumia mara mbili. Mshale wa kwanza ni msiba wenyewe, na hakuna anayeukwepa. Wa pili ni ule anaojichoma mwenyewe kwa kulaani, kulaumu na kurudia yaliyopita.

Moto uliwaka usiku mmoja. "Ningejua" inawaka kila jioni.

Si lazima mtu abadili dini ili aelewe hilo. Mwislamu anaijua subira, na Mkristo amesoma habari za Ayubu. Wabudha wanachoongeza ni zoezi: kukaa kimya, kufuata pumzi inavyoingia na kutoka, na hasira ikija, kuitambua kuwa ni hasira, bila kuipigia magoti wala kupigana nayo. Ikiachwa hivyo, hupungua yenyewe.

Wapo wanaosema kuachilia ni uvivu. Hapana. Deni la kikoba liko palepale, na kwenda kuzungumza na viongozi wa kikundi kuhusu kulipa kidogo kidogo ni kazi ya lazima. Kinachoachwa ni hesabu ya mzigo ulioungua, ambayo haimlipi mtu yeyote.

Na zoezi halihitaji chumba maalumu, maana nyumba ya vyumba viwili yenye watu sita haina. Bomba la uani linatosha. Baba anasimama pale, ananawa miguu taratibu, anavuta pumzi kumi akizihesabu, ndipo anabisha hodi. Siku za kwanza atafika ya nne na mawazo yatakuwa yamesharudi Kariakoo. Anaanza upya, moja, mbili. Mkewe, akisikia maji yanatiririka muda mrefu kuliko kawaida, asimwite. Ampakulie tu.