Sheria imelinda mlango wa babu, imesahau joho lake

Pale Malili, kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu inayotoka Mombasa kwenda Nairobi, serikali inajenga jiji la teknolojia la Konza juu ya ekari 5,000 zilizokuwa ranchi ya mifugo. Rais Kibaki aliuzindua mradi huo Januari 2013. Mwaka 2019 Kenya ilitia saini mkataba wa kujenga kituo kikuu cha data hapo, kwa mkopo wa China na kwa mkono wa kampuni ya Huawei. Tukiondoa maneno makubwa ya wanasiasa, kituo hicho ni ghala la daftari za taifa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nauliza: sisi watu wa Pwani tuna daftari gani ya kuweka katika ghala hilo?

Sizungumzii ardhi leo, ingawa nayo ina hadithi yake. Nazungumzia nguo. Nazungumzia majoho, mabushuti, vilemba, kanzu zilizodariziwa kwa mkono, kofia za viua, na hariri za bibi zetu zilizolala ndani ya makasha ya Mji wa Kale, Lamu, Siu na Malindi. Mali hii inatutoka, na sheria tuliyo nayo haikuiona.

Kwa kuwa ghala la Malili limejengwa na Wachina, na tutazame yaliyozipata nguo zao. Zama za utawala wa Qing, kila mkubwa wa serikali alivaa cheo chake kifuani. Kilikuwa kipande cha mraba kilichodariziwa: ndege kwa maofisa wa kiraia, mnyama kwa maofisa wa jeshi. Joho la mfalme lilikuwa na majoka tisa, manane ya kuonekana na la tisa limefichwa chini ya upindo wa kifua. Mwaka 1912 ufalme ukaanguka, na mavazi yale yakawa hayana kazi. Familia zilizokuwa na njaa ziliuza. Wageni walinunua kwa bei ya chini, na si wote waliojua wanachonunua. Vipande vya vyeo vilikatwa vikashonwa mikoba ya kina mama wa Ulaya na Marekani, na majoho mengine yakageuzwa mapambo ya nyumba.

Leo majoho hayohayo yako katika makumbusho ya New York na Toronto, na yanapopigwa mnada hufikia maelfu ya dola, ya kifalme yakapita hapo mbali. Miongoni mwa wanaoyagombea ni matajiri wa China wenyewe, wanaotoa fedha nyingi kurudisha kile ambacho babu zao walikitoa kwa bei ya chakula. Huko ndiko tunakoelekea sisi, kwa mwendo wa pole na bila kelele.

Asidanganye mtu kwamba Pwani haikuwa na nguo za kuwekwa. Malindi ilipompelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415, biashara ya hariri ilikuwa tayari inajulikana huku. Fei Xin, askari aliyesafiri katika misafara ya Zheng He, aliorodhesha hariri za rangi na vyombo vya kauri miongoni mwa bidhaa zilizouzika Mogadishu na Barawa. Na hatukuwa wanunuzi tu. Katika karne ya 16, padri Mreno aitwaye Monclaro aliandika kwamba Pate ilikuwa na nguo za hariri za thamani kubwa, na kwamba Wareno walipata faida nzuri kwa kuziuza katika miji mingine ya Waislamu, kwa sababu zilitengenezwa Pate peke yake. Mji ambao leo wengi huutaja kwa magofu na mapambano ya usalama uliwahi kuwavisha wakubwa wa mwambao.

Nenda leo ukatafute kipande kimoja cha hariri ile ya Pate. Vyombo vya kauri kutoka China bado tunavyo, vingine vizima, vingine vigae, Gede, Lamu na ndani ya Fort Jesus. Hariri imekwenda. Udongo uliochomwa husubiri miaka mia sita, lakini nguo haisubiri. Unyevu wa bahari, nondo na jua vinaila, na isipoliwa na wadudu hukatwa na mtu anayetaka zari yake.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo penye jambo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inasema kitu cha kale ni kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa Kenya, au kuletwa Kenya, kabla ya mwaka 1895. Kitu cha namna hiyo hakitoki nje ya nchi bila kibali. Waliotunga sheria waliukumbuka pia mlango wa Pwani: mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 unalindwa. Hili ni jambo jema, tunawashukuru.

Lakini piga hesabu. Babu aliyejenga nyumba mwaka 1920 na kutia mlango wa nakshi, mlango wake umelindwa. Joho alilovaa siku ya kuingia katika nyumba hiyo, lililoshonwa mwaka uleule, halina ulinzi wowote wa moja kwa moja. Dalali akilikunja akalitia katika begi, akapanda ndege, hana kosa. Kwa umri wa nguo, mstari wa 1895 ni kama hakuna, kwa sababu nguo nyingi tulizobaki nazo ni za baada ya hapo: za zama za maliwali, za harusi za kina bibi zetu, za masharifu na makadhi.

Wengine watasema kitambaa si kitu cha kuhangaikia hivyo. Nawarudisha kwa ndugu zetu Wamijikenda na vigango vyao. Kwa miaka mingi nguzo hizo za kuwakumbuka wazee ziliibwa makayani, zikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, zikaishia katika makumbusho ya Marekani. Makumbusho moja ya Denver peke yake ilikubali kurudisha 30. Vingi katika vilivyorudi havikujulikana ni vya boma gani, kwa hiyo havikuweza kurudi kwa wenyewe. Lakini vigango viwili vya familia moja ya Kigiriama, vilivyoibwa mwaka 1985, vilirudi mwaka 2007 hadi nyumbani kwao. Tofauti ilikuwa nini? Mtafiti mmoja alimpiga picha mzee akiwa na vigango vyake kabla havijaibwa. Picha ile ndiyo iliyosimama kuwa shahidi. Daftari haikuzuia wizi, lakini ilirudisha mali.

Najua kuna hoja ya upande wa pili, na ni ya haki. Mwenye mali ana ruhusa ya kuuza mali yake, na mama anayedaiwa karo ya shule hawezi kuambiwa aliangalie joho tu lining'inie. Sikatai. Lakini joho la marehemu ni mirathi. Likiwa halijagawiwa, ni la warithi wote, na mmoja wao hana haki ya kulitoa kwa dalali ili agawane na nafsi yake. Na hata warithi wakikubaliana, wajue wanauza nini. Anayeijua thamani ni dalali, wewe hujui, kwa hiyo bei ataipanga yeye.

Wapo pia wanaoogopa kwamba ukiandikisha kitu, Nairobi itakuja kukichukua. Hofu hiyo ina mizizi yake, lakini dawa yake ni kuweka mambo mikononi mwetu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya utamaduni na makumbusho. Siwa ya pembe ya Pate ipo Lamu, haikuhitaji kupelekwa Nairobi ili ihifadhiwe. Nguo nazo zinaweza kubaki kwa wenyewe, au zikawekwa wakfu, zikatunzwa kwa niaba ya ukoo bila kuuzwa wala kurithiwa tena.

Yanayohitajika ni mambo matatu, na hakuna hata moja linalongoja Bunge.

La kwanza ni la nyumbani. Fungua kasha. Piga picha ya kila nguo, mbele na nyuma, na ikiwezekana mzee wa nyumba awe pembeni yake. Andika nani aliivaa, mwaka gani, kwa shughuli gani, na nani aliishona. Kisha itoe katika karatasi ya nailoni, maana nailoni huzuia unyevu usitoke. Ifunge kwa shuka safi ya pamba, iepushe na jua, na kama ni hariri ya zamani izungushe badala ya kuikunja, kwa sababu inakatikia kwenye mikunjo.

La pili ni la magavana wa Mombasa, Kilifi, Lamu, Kwale na Tana River. Idara zenu za utamaduni hutumia fedha kila mwaka kwa matamasha. Tengeni sehemu ya fedha hizo kuajiri vijana wachache wenye kamera wapite mitaa, kwa ruhusa ya familia, wakusanye daftari ya pamoja. Nakala moja ibaki kaunti, nakala nyingine iwekwe Malili. Ghala tunalilipia deni sote, nasi tuwe na mzigo ndani yake.

La tatu ni la Waziri wa utamaduni. Sheria hiyohiyo ya 2006 inampa mamlaka ya kutangaza, katika Gazeti Rasmi la Serikali, aina ya vitu vyenye thamani ya kihistoria au kitamaduni kuwa vitu vya kulindwa. Atangaze mavazi ya heshima ya Pwani ya kabla ya 1946, yasimame sawa na milango. Ni tangazo la ukurasa mmoja. Wabunge wetu, wanaotukumbusha upwani wao kila uchaguzi unapokaribia, wana kazi rahisi ya kulidai.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Wachina wananunua leo, kwa mamilioni, kile walichokiacha kipite. Sisi chetu bado kimo kashani, na bei yake kwa sasa ni kalamu, picha na tangazo moja la serikali.