Sindano za Kichina na kilio cha mtoto

Mashosti, najua kukosa mtoto kunavyouma, na mawifi nao hawalali. Ndiyo maana sishangai mtu akizikimbilia zile sindano nyembamba za Kichina. Ila leo nawapa vidonge vyenu!

Wachina wenyewe walizijaribu kwa wanawake 1,000 ambao mayai yao hayapevuki vizuri, majibu yakatoka 2017. Sindano za kweli na za danganya toto, ngoma droo! Waliomeza klomifeni, kidonge cha hospitali, walijifungua kama 29 kwa kila 100. Waliochomwa sindano za kweli bila kidonge? 14 tu.

Kwa hiyo shosti, kapime kwanza ujue tatizo. Na shemeji umburute mwende wote. Mbegu hazipimwi kwa macho, ati!