Wanuri Kahiu si filamu moja

STECHFORD, BIRMINGHAM – Ukimtaja Wanuri Kahiu mbele ya Waafrika Mashariki wa huku, mazungumzo hurukia Rafiki. Wapo wanaoisifu, wapo wanaoilaani, na wengi wa pande zote mbili hawajaiona. Sisi tunasema mwandishi na mwongozaji huyu wa Kenya anadhulumiwa akipimwa kwa filamu moja.

Tuanze na jirani. Reli inayopita Stechford kwenda Coventry inapita pia Canley, karibu na Chuo Kikuu cha Warwick. Hapo Wanuri alihitimu mwaka 2001, tena katika sayansi ya menejimenti, kabla ya kwenda Los Angeles kusomea filamu. Wazazi wanaodhani sanaa ni kimbilio la walioshindwa shule watafakari.

Mwaka 2008 alitoa From a Whisper, aliyoiandika na kuiongoza mwenyewe, kuhusu majeraha ya bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi, Agosti 7, 1998. Siku ile zaidi ya watu 200 walikufa Nairobi, na wengine 11 Dar es Salaam. Filamu ilizoa tuzo 5 za AMAA mwaka 2009, ikiwamo ya mwongozaji bora. Ikafuata Pumzi, filamu fupi kuhusu dunia iliyokaukiwa maji.

Rafiki ilikuja 2018, kutokana na hadithi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, ikawa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa tamasha la Cannes. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku kwa sababu inahusu mapenzi ya wasichana wawili. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliiruhusu kwa siku 7, na kumbi za Nairobi zikajaa. Mwaka 2020 mahakama hiyo ikaunga mkono marufuku.

Hatumlazimishi mtu kuipenda. Asiyeitaka abaki nyumbani. Lakini marufuku ilizuia nini, ikiwa Cannes waliitazama kabla ya Nairobi? Mwaka 2022 Wanuri aliongoza Look Both Ways ya Netflix, hadithi ya Kimarekani. Hatumlaumu, mkate hutafutwa unakopatikana. Tunauliza tu: tukiwafungia mlango watunzi wetu, nani atawasimulia marehemu wetu wa Agosti 7?

Tafuteni From a Whisper. Itazameni pamoja na vijana waliozaliwa baada ya 1998, kisha ndipo mumhukumu.