Nyuki wa Msibani Hawakutumwa na Mtu

Wadau, leo nina deni la kulipa, kwa hiyo mnivumilie.

Mnaonifahamu mnajua kwetu ni Mugango, kule ziwani, na mnajua pia kwamba naishi kwa kalamu. Safari hii kalamu na kwetu vimegongana.

Tulikuwa na msiba kijijini. Kijana mmoja akapanda mti kufunga kamba ya turubai. Kwenye tundu la mti ule kulikuwa na nyuki, na karibu kila mtu alijua. Nyuki mmoja akamchoma shingoni, naye akampiga kofi la nguvu. Dakika chache baadaye watu walikuwa mbio hadi kwenye mihogo, sufuria za wali zimepinduka. Mbuzi wawili waliofungwa chini ya mti walikufa palepale. Jioni jina la bibi mmoja, mke mwenza wa marehemu, likaanza kutajwa kwa kunong'ona.

Nilituma habari fupi. Mhariri akapiga simu: "Kijana, mbona uchawi hauuoni?" Sikuuweka. Lakini ilipotoka na kichwa cha habari kinachosema ni nyuki wa ajabu, nilinyamaza. Gazeti likafika Mugango kwa basi, likasomwa kama hukumu. Yule bibi sasa yuko Bunda kwa binti yake. Hakuna aliyemgusa, ila kwa Kanda ya Ziwa, ambako vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu (mekundu kwa moshi wa kuni na samadi, jamani!), mtu hasubiri kuguswa.

Sasa tuulizane, ajabu iko wapi? Mwaka 1962 wanasayansi wa Kanada walitangaza kwamba mwiba wa nyuki hutoa kemikali iitwayo isoamili asetati. Harufu yake ni kama ya ndizi mbivu. Nyuki akichoma, mwiba unabaki mwilini mwako ukiendelea kusukuma sumu, na hapohapo unatoa ile harufu inayowaambia wenzake: adui ni huyu. Anayefuata akichoma, harufu inaongezeka. Harufu za namna hii, ambazo wadudu hupelekeana habari kwazo, huitwa feromoni.

Hapo ndipo panajibiwa swali lililomponza bibi wa watu. Wazee waliuliza: kwa nini wamfuate huyu na kumwacha yule aliyekaa naye benchi moja? Kwa sababu huyu alishachomwa, shati lake lilikuwa linanuka mwito. Kwa nini mbuzi? Kwa sababu walikuwa na kamba shingoni, hawakuweza kukimbia. Na nyuki wetu hawa wa Afrika ni wepesi wa hasira kuliko wa Ulaya. Mwaka 1956 Warwick Kerr alipeleka malkia wa nyuki wa Afrika huko Brazil, mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka, vizazi vyao vikasambaa hadi Marekani. Magazeti ya huko nayo yakawaita nyuki wauaji. Kumbe ugonjwa wa vichwa vya habari si wetu peke yetu, tofauti ni kwamba kule hakuna bibi aliyehama nyumba.

Halafu hili neno malkia linatupotosha. Tunadhani yupo ndani ya mzinga anatoa amri kama mkuu wa wilaya. Colin Butler wa Rothamsted, Uingereza, alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba malkia anatoa kitu ambacho nyuki wanamlamba mwilini na kupeana mdomo kwa mdomo. Kikiwepo, vibarua wanatulia na hawalei malkia mwingine. Ukimtoa, baada ya saa chache tu mzinga unajua hayupo, wanaanza kulea mwingine. Basi. Hata malkia mwenyewe hana uwezo wa kuwatuma nyuki wakamchome fulani wa fulani. Bibi wa miaka sabini na ushee atauweza?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba pale msibani alikuwepo mzee mrina asali. Isoamili asetati haijui, ila anajua kwamba ukichomwa hupigi kofi, unakwangua mwiba kwa ukucha na kuondoka haraka, na kwamba moshi unafunika ile harufu na kuwafanya nyuki wakimbilie kula asali. Anajua hata kusugua mchaichai ndani ya mzinga mpya ili kundi liingie, maana harufu yake inafanana na ile ambayo nyuki huitana kwayo nyumbani. Mimi mwenye shahada na kinasa sauti sikumuuliza hata swali moja. Nilihoji waliokimbia tu.

Waandishi wenzangu, nyuki wakivamia mkutano au msiba, tumtafute mrina asali kabla ya kumtafuta mganga. Nimeomba gazeti lisahihishe, nimeambiwa habari imeshapoa.

Jumamosi nilikwenda Bunda. Nikamweleza bibi habari yote, ya mwiba, ndizi mbivu na malkia. Alisikiliza mpaka mwisho huku anachambua dagaa.

"Sawa, mjukuu wangu," akasema. "Na mihogo yangu kule anapalilia nani?"