Keki ya Kikombe Ifundishwe kwa Wote

Wako watu wasemao ya kwamba keki ipikwayo ndani ya kikombe kimoja katika tanuri ya maikrowevu ni chakula cha wavivu na wachoyo. Wavivu, kwa kuwa huiva kwa dakika moja na nusu. Wachoyo, kwa kuwa humtosha mtu mmoja tu. Mimi sikubaliani nao. Naona hakuna somo la upishi lifaalo kuanza nalo kuliko hili, na yafaa kila mwanafunzi, mvulana na msichana, alijue kabla ya kumaliza Kidato cha Nne.

Tutazame kwanza vipimo vyake. Hutakiwa unga wa ngano vijiko 4 vya mezani, sukari vijiko 2, maziwa vijiko 3, mafuta vijiko 2, baking pauda robo ya kijiko cha chai, na chumvi kidogo sana. Apendaye hiliki na atie. Vyote hukorogwa katika kikombe kile kile mpaka madonge yaishe, na kikombe kisijae kupita nusu, maana keki itafura. Yai halitakiwi, kwa sababu yai zima ni jingi mno kwa unga mchache hivyo, na keki hutoka ngumu kama mpira.

Katika uchache huo ndimo ilimo faida. Mwanafunzi akiharibu keki ya kilo nzima ya unga, pamoja na mayai na siagi, hasara ni ya nyumba yote, na mama ana haki ya kumfukuza jikoni. Akiharibu keki ya kikombe, amepoteza vijiko vichache tu. Atajaribu tena papo hapo, apunguze maziwa au muda, aone tofauti. Umeme nao si mwingi: tanuri ivutayo wati 1,500, kwa dakika moja na nusu, haimalizi hata sehemu moja ya ishirini ya uniti.

Pili, keki hii ni somo la sayansi. Mama zetu hupika keki kwa kupalia makaa, moto juu na moto chini, na joto huingia polepole kutoka nje. Tanuri hii hutumia mawimbi yatetemekayo mara milioni 2,450 kwa kila sekunde. Mawimbi hayo hupenya ndani ya rojo na kuzitikisa chembe za maji, na kutokana na mtikisiko huo keki hupata joto. Kwa kuwa maji hayapandi sana kupita nyuzi 100, keki haiwi nyekundu juu yake. Mwenye kungojea wekundu ataikausha bure.

Aliyegundua upishi huu ni Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon huko Marekani, mtu ambaye hakumaliza hata shule ya msingi. Mwaka 1945, alipokuwa karibu na mtambo wa rada, kitu kitamu kilichokuwa mfukoni mwake kiliyeyuka. Mwingine angalifuta mfuko akaenda zake. Yeye aliuliza sababu. Mwanafunzi aulizaye kwa nini keki yake imekauka yu katika njia hiyo hiyo.

Tatu, lazima kujihadhari. Kikombe cha bati, ambacho wengi wetu tunacho bwenini, kisiingizwe kabisa, kwani chuma huyarudisha mawimbi na chaweza kutoa cheche. Kikombe chenye mstari wa dhahabu ni vivyo hivyo, na cha melamini hakifai. Kitumike cha kauri au cha kioo kilichoandikwa kuwa chafaa. Mpishi asimame hapo hapo, na baada ya dakika moja achome keki kwa kijiti. Kikitoka kikavu, imeiva. Akitoe kikombe kwa kitambaa, kisha angoje dakika moja, maana joto lingali linafanya kazi ndani. Na rojo bichi lisirambwe, kwa kuwa unga mbichi waweza kuleta maradhi ya tumbo.

Wako wazazi wadhanio kuwa jiko ni la wasichana peke yao. Nawaomba wafikiri tena. Mvulana akimaliza shule huenda akapanga chumba mjini, na siku hiyo njaa haitamwuliza kama yeye ni mume au mke. Asiyejua kupima unga wala kutazama saa atakula kila siku kwa fedha ya dukani.

Ama kuhusu uchoyo, kikombe hakina kosa. Mgeni akija, tayarisha vikombe viwili. Lakini kumbuka ya kwamba vikombe viwili kwa pamoja hutaka muda zaidi ya kimoja, kwa sababu nguvu ile ile inagawanywa. Hata ukarimu una hesabu yake.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa sayansi kimu, palipo na tanuri hii, watenge kipindi kimoja kila muhula, na kila mwanafunzi apime, apike na aonje kazi ya mikono yake. Wazazi nao, wenye tanuri nyumbani, wasiwafungie watoto mlango wa jiko kwa kuhofia unga. Vijiko vinne si hasara. Haba na haba hujaza kibaba.