Akiulizwa habari za kwao, mwanao atajibu nini?

Mzazi mwenzangu, tuseme mwanao amepata nafasi ya kwenda kusoma Marekani mwaka mmoja. Mwalimu wa huko anamwambia: "Hebu simama utueleze habari za kwenu." Je, atasema nini?

Usidhani hii ni ndoto. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Marekani ilianzisha mwaka 2002 mpango uitwao YES, wa kuwapeleka huko wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi. Vijana wa Kenya, wakiwemo wa Pwani, wamepata kwenda. Walikaa na familia za huko, wakasoma shule za huko, na sehemu ya kazi yao ilikuwa kuwaeleza wenyeji maisha ya kwao, ili watu wajuane badala ya kudhaniana.

Likitajwa jambo kama hili, wazazi wengi, hasa wenye mabinti, huogopa kwamba mtoto atapotea. Hofu hiyo haina ubaya. Lakini nauliza: umemfungia masurufu gani kabla hajaondoka? Mwepesi wa kupotea ni yule asiyejua alikotoka.

Watoto wetu wengi wakiulizwa watataja simba, Fort Jesus na ufuo wa bahari. Hayo hata mtalii wa siku mbili anayajua.

Mtoto wa Kisauni hupita Kengeleni kila siku. Je, ameambiwa kuwa jina hilo limetokana na kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa? Vijana wa Marekani, ambao nchi yao ilipiga marufuku utumwa mwaka 1865, wangemsikiliza kwa makini. Yule wa Changamwe anajua kwamba kabla ya reli na viwanda jina hilo lilikuwa la Wachangamwe, mojawapo ya Taifa Tatu za Waswahili wa Mombasa? Na wa Likoni, akisemeshwa Kidigo na bibi yake, hujibu kwa lugha gani?

Tena si historia peke yake. Muulize binti yako jina la leso aliyojifunga, na kwa nini mtu hulisoma kwanza kabla ya kumpa mwenziwe. Muulize kijana wako kwa nini mahamri hutiwa tui na iliki. Asipojua, usimgombeze. Jiulize ni nani aliyepaswa kumwambia.

Pengine utasema, "Wangu hatapanda ndege." Sawa, lakini safari hii haihitaji pasipoti. Bandari na reli zimeleta watu wa kila kabila upande wetu wa bara. Darasani mwanao huketi na Mtaita, Mkamba, Mluo na Mgiriama. Je, anajua kwao huamkiana vipi, hula nini siku ya harusi, huwazika vipi wazee wao?

Tusilichukulie jambo hili kama mchezo. Agosti 1997, Likoni, watu waliotoka bara walishambuliwa na kufukuzwa majumbani mwao. Moto ule uliwashwa na siasa, lakini ulipata kuni kavu, nazo ni majirani waliokaa pamoja miaka mingi bila kujuana.

Kwa hiyo, leo Jumapili, baada ya chakula cha mchana, zima televisheni na simu ziwekwe kando. Mkalishe bibi au babu katikati, watoto waulize wapendavyo. Wiki ijayo, mwanao na amwalike mwenzake wa kabila jingine aje kula, naye asimulie ya kwao. Mfunze mwanao kusikiliza bila kucheka, maana mila ya mwenzio ukiicheka, yako ataitazama kwa jicho gani?

Mtoto aliyezoea hayo mezani pa mamake, hata akisimamishwa mbele ya darasa la ng'ambo, hatatafuta la kusema.